Watano wa Ndiva ya Kwamboa

Nilipoulizwa ni nani aliyefungua maji ya ndiva asubuhi ile, nilisema ni mimi. Nilikuwa nimeapa, na nilichosema kilikuwa kweli tupu. Nikashuka kizimbani nimejiandaa kwa pingu.

Akapanda Mbonea, akaulizwa swali lilelile, naye akasema ni yeye. Akafuata Niwaeli, ni yeye. Kadeghe, ni yeye. Eliwaza, ambaye hasemi neno mpaka alitafune kwanza, alitafuna, kisha akasema ni yeye.

Jaji Rutashobya alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya joho.

"Kizibo cha hiyo ndiva kina mishikio mingapi?"

"Mmoja, mheshimiwa," alijibu Wakili wa Serikali.

"Basi hawa wananichezea."

Hatukuwa tunamchezea. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, maana mitandao ilijaa maneno kwamba watu wa mlimani Upare tumekula njama. Njama wanaila watu wanaoujua ukweli, kisha wakauficha. Sisi tulikuwa tunautafuta kama Jaji mwenyewe, na pengine kwa uchungu zaidi, kwa sababu aliyekufa alikuwa wa kwetu. Sekiete, mtoto wa baba yangu mdogo, alikuwa chini mferejini anazoa tope maji yalipoachiwa. Yalimbeba mpaka kwenye mawe ya daraja. Jembe lake lilibaki limesimama pale alipoliacha.

Shahidi aliyefuata alikuwa fundi wa mfumo, dada mmoja mrefu aliyekuja na kisahani cha kioo. Ndani yake kulikuwa na kitu kidogo kuliko chembe ya ulezi.

"Hii wanaiita punje," alisema. "Kila mlinzi wa ndiva anayo, nyuma ya sikio. Jioni wanakaa pamoja robo saa, punje zinabadilishana kumbukumbu za kazi ya siku hiyo. Wenyewe wanasema wanapakuliana."

"Kwa faida gani?"

"Ndiva ni bwawa la kijiji kizima, mheshimiwa. Linajaa usiku, linafunguliwa alfajiri, na walinzi wanapokezana: mmoja anashika kizibo, wanne wanasimama kwenye magawio, pale mfereji unapogawanyika. Wa leo akiona ukuta unavuja, wa kesho lazima ajue ni jiwe lipi. Zamani walisimuliana. Siku hizi wa kesho anakumbuka kana kwamba aliliona mwenyewe."

"Na kumbukumbu haisemi ni ya nani?"

Fundi alitutupia jicho. "Niliwashauri waweke majina. Wakakataa. Waliniambia kwenye msaragambo, kazi ya kijiji kizima, hakuna mtu anayesimama akasema kipande hiki nimechimba mimi. Jina linaleta kijicho."

Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Nakumbuka vizuri, tulikuwa tumesimama mlangoni mwa stoo. Au alikuwa mmoja wetu.

"Sasa hapo wanaona mikono," Jaji alisema. "Hawatambui mikono yao?"

"Wanavaa glavu za aina moja, na zote zimetoboka. Ila kuna kitu hakipiti." Fundi alisita, nikajua anaelekea wapi, nikatamani ardhi ipasuke. "Mwaka wa kwanza Mzee Mbonea aliumwa jino. Kesho yake wote watano walikuja zahanati wameshika mashavu. Mama Niwaeli aling'olewa jino zima kabisa."

Mahakama ilicheka. Niwaeli alijifunika mdomo kwa khanga, na mpaka leo hajamsamehe fundi kwa maneno yale.

"Ndipo nikaweka chujio," fundi aliendelea. "Maumivu, njaa, joto, baridi, uchovu, vyote hivyo vinabaki kwa mwenyewe. Wenzake wanapata picha, sauti na mawazo tu."

"Kilichobaki kwa mwenyewe mashine inaweza kukisoma?"

"Hapana. Hakiingii kwenye mfumo kabisa."

Jaji akamgeukia wakili wetu, Kallaghe, kijana wa hapa hapa mlimani aliyesomea sheria Dodoma. Kwa kawaida Kallaghe akipewa nafasi ya kuuliza swali moja, anauliza manane. Siku hiyo alisema hana swali, akakaa haraka. Niliona, lakini sikuelewa.

Ninachokumbuka mimi, na wanachokumbuka wenzangu wanne, ni hiki. Ukungu mzito, hata mwenzako wa gawio la pili humwoni. Sheria yetu ni kwamba kabla ya kuvuta kizibo unagonga chuma mara tatu, unasubiri walioko mferejini waitikie. Nafika kwenye kizibo. Najiambia, nimeshagonga, wameshaitika. Nasikia kabisa masikioni mlio wa chuma na sauti za watu kutoka chini. Navuta.

Chuma kiligongwa kweli, na watu waliitika. Lakini ilikuwa jana yake, na aliyegonga alikuwa mwingine. Jioni tulipakuliana, na asubuhi mtu mmoja kati yetu aliamka na kazi ya mwenzake mikononi, akadhani ni yake. Zamu ya siku hiyo ilikuwa imebadilishwa mara mbili kwa sababu ya msiba wa ng'ambo ya pili, kwa hiyo hata karatasi ya zamu haikusema kitu. Na kila mmoja wetu anakumbuka asubuhi tano za siku moja, zote kama zake.

Wakili wa Serikali alisimama, mtu mnene mwenye sauti ya upole. "Mheshimiwa, Katiba mpya inasema kila mtu ana haki ya kutolazimishwa kujishtaki. Kila mtu. Haikusema kila kundi. Kundi lina mdomo upi hata likapewa haki ya kuufunga? Naomba kila mmoja aamriwe kujichunguza na kueleza anachojua kuhusu wenzake."

"Mkono uliovuta ulikuwa mmoja," alijibu Kallaghe. "Kumbukumbu iliyoudanganya ilikuwa ya watano. Ukimlazimisha mmoja kusema, umewalazimisha wote kujishtaki. Hapa haki ni ya kundi, na zaidi ya waliyokwisha kusema wamekubaliana kukaa kimya."

Nilimsikiliza nikaona ana haki. Nikamsikiliza tena yule mnene kichwani mwangu, naye nikaona ana haki. Sijui wenye akili huwa wanafanyaje.

Jaji alisema Alhamisi atapanda mlimani kuuona mfereji, na uamuzi atautoa baada ya hapo.

*

Tulikutana stoo ya majembe siku iliyofuata, saa tisa mchana, sisi watano na Kallaghe. Sisi tulikalia magunia. Kallaghe hakukaa, alichelea suruali yake.

"Niwakumbushe kitu," alisema. "Miaka sita iliyopita ile kampuni ya maua ya bondeni ilitaka maji haya. Wakasema haki ya maji ni ya mtu mmoja mmoja, kwa hiyo waachwe wanunue kwa mmoja mmoja. Tuliwashinda kwa hoja gani?"

"Kwamba haigawanyiki," alisema Mbonea.

"Kwamba walinzi wana kumbukumbu isiyogawanyika, kwa hiyo kundi ni mtu mbele ya Katiba, na maji ni ya mtu huyo. Kaya mia tatu zinanywa kwa hukumu ile. Sasa haki ya maji na haki ya kukaa kimya zimetundikwa kwenye msumari mmoja. Mmoja wenu akijitenga akasema ni mimi, si wao, msumari umeng'oka. Bondeni kampuni imeshaleta mawakili wanasubiri."

Niwaeli ndiye aliyekuwa mkali kati yetu. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Tumesema kimya, basi ni kimya."

"Mimi sipingi," nilisema. "Ila Naetwe je?"

Naetwe ni mjane wa Sekiete, wifi yangu. Wote tulijua habari yake. Hapa Kwamboa, ajali ikiua mtu kazini, kazi ile humaliziwa na aliyeisababisha, peke yake, akianzia palepale alipoishia marehemu, na hakuna anayeruhusiwa kumsaidia hata kwa koleo moja. Akimaliza, matanga yanaanuliwa na hakuna anayemdai kitu tena. Tulipokwenda sisi watano na majembe matano, Naetwe alisimama mlangoni akaturudisha. Miezi mitatu sasa kipande cha Sekiete kina tope, jembe limesimama, na ndugu waliotoka mbali bado wanalala kwenye mikeka sebuleni kwake.

"Atazoea," Kadeghe alisema taratibu.

"Mtu hazoei msiba usio na mwisho," nikasema.

Kallaghe alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. "Mama Navoneiwa, naomba kitu kimoja. Msijitafute."

Nilirudi nyumbani nalo neno hilo. Nilikuwa nimejitafuta miezi mitatu, na kila nilipoutazama ule mkono wenye glavu ukivuta kizibo nilisema ni wangu. Lakini nilijiona pia asubuhi hiyohiyo nikisimama gawio la kwanza, la pili, la tatu na la nne, na zote nilisema ni zangu. Ukiwa na asubuhi tano huna hata moja. Nilianza kuona kama kichwa changu ni nyumba ya wageni, kila anayeingia analala kitanda anachokitaka.

*

Jumatano nilikwenda kwa Naetwe. Sikuwa na la kumwambia. Nilibeba tu ndizi, kwa sababu mtu haendi msibani mikono mitupu, hata msiba uwe umechakaa.

Alikuwa amepika makande. Alinikaribisha kitini, akanitazama kwanza.

"Umekuja peke yako leo."

"Nimekuja kukusalimu, wifi."

"Wenzako walikuja juzi mmoja mmoja. Kila mmoja amelia hapo ulipokaa. Niwaeli alilia mpaka nikamchemshia chai." Alicheka kidogo bila furaha. "Mimi najua kusamehe. Mama yangu alinifundisha, na mchungaji amenihubiria mpaka masikio yameuma. Lakini nimsamehe nani? Watano siwawezi. Nikimkasirikia Mbonea naona labda namwonea. Nikimhurumia Kadeghe naona labda namhurumia aliyeniulia mume. Najikuta simkasirikii mtu na simpendi mtu."

"Na sisi hatujui, Naetwe. Haki ya Mungu."

"Najua hamjui. Ndicho kinachoniumiza zaidi. Mngekuwa mnaficha, ningewachukia nipate kulala."

Alichukua jagi na beseni aninawishe. Ilikuwa Julai, na Julai ya huku juu maji ya mtungi yanatoka na meno. Nilikinga mikono. Maji yakapita vidoleni, yakashuka mpaka kwenye kifundo cha mkono wa kulia, pale mshipa unapopiga.

Hapo nikajua.

Sijui niseme vipi ili mtu asiye na punje aelewe. Kumbukumbu za wenzangu ni picha nzuri, zina rangi na sauti, lakini hazina hewa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na chujio lilitufanyia hivyo kweli. Nilipitisha zile asubuhi moja moja huku maji yakiendelea kutiririka. Gawio la kwanza, hakuna kitu. La pili, kavu. La tatu, la nne, kama vile natazama ukutani. Kisha kizibo. Nainama, natumbukiza mkono, glavu imechanika kwenye kifundo, na maji yanaingia kwa ndani, makali, yanapanda mpaka kiwiko, nami nasema moyoni, Yesu wangu, baridi gani hii. Maneno hayo wote watano tunayakumbuka; baridi yenyewe ninayo mimi tu. Navuta haraka ili nitoe mkono.

Haraka. Kwa sababu ya baridi sikusimama hata kidogo kujiuliza kama nimegonga leo au jana.

"Wifi, unatetemeka," Naetwe alisema.

"Maji ni ya baridi."

"Ya kawaida tu." Akanipa taulo, akakaa, akanipakulia. Nilikula makande ya mjane wa mtu niliyemuua, na nilikula yote, kwa kuwa kuacha chakula msibani ni kumtukana mwenye nyumba. Sijawahi kula kitu kizito kama kile.

Nilipotoka nilimpigia Kallaghe. Nikamweleza habari ya chujio, nikamuuliza, "Ulijua kwamba mwenyewe anaweza kujijua?"

"Ndiyo maana sikuwahi kuwauliza," alisema. "Mama, nisikilize. Kundi limeamua kimya. Ukisema, unakuwa mtu mmoja. Mtu mmoja anafungwa, na maji ya kaya mia tatu yanauzwa."

"Na nisiposema, nakuwa nini?"

"Unakuwa salama."

"Sikukuuliza hivyo, mwanangu."

Simlaumu. Siku ile kampuni iliyotaka kutumaliza mmoja mmoja iliposhindwa nilipiga vigelegele kwa kuwa kundi limekuwa mtu. Sikujiuliza huyo mtu mkubwa akisimama, sisi wadogo tunakaa wapi. Na bado nikifikiria mifereji ya Kwamboa bila maji, nasema alisimama vizuri, na aendelee kusimama.

Jioni ile sikwenda kupakuliana. Mawazo yanapita, na ningekaa nao robo saa tu, kesho wangeamka wanajua ninachokijua, na pengine kila mmoja angeamini kwamba yeye ndiye aliyekijua kwanza. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba nilikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine alikuwa nacho. Kilikuwa kitu kibaya kabisa, na nilikikumbatia.

*

Alhamisi Jaji alifika saa tatu asubuhi, na karani, na yule Wakili wa Serikali akihema kwa mlima. Kijiji karibu chote kilikuwa kimejipanga ukingoni mwa mfereji. Mbonea, Niwaeli, Kadeghe na Eliwaza walisimama mbele, kila mmoja na jembe begani, kwa sababu mtu wa ndiva haji mferejini bila jembe.

Walinikuta ndani, tope magotini. Nilikuwa nimeshuka tangu saa kumi na mbili. Jembe la Sekiete lilikuwa limeshika kutu kwenye shingo, lakini lilitoka mahali pake bila ubishi, nikaanzia palepale.

Kila aliyekuwa pale ukingoni alijua maana yake. Niliona Niwaeli anaweka mkono kinywani, kisha anaushusha. Kallaghe alifumba macho.

"Yule mama anafanya nini?" Jaji aliuliza.

Hakuna aliyejibu. Jaji ni mtu wa Bukoba, desturi zetu hazijui. Aliuliza tena, akimtazama mzee mmoja, akamtazama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Watu sabini hivi walikuwa pale, na wote wakawa wanatazama tope. Sikuwahi kuona haki ya kukaa kimya ikitumiwa na watu wengi namna ile.

Mwishowe Naetwe alijitokeza. "Anamalizia kazi, mheshimiwa."

"Kazi ya nani?"

"Ya mume wangu."

Jaji alisogea mpaka ukingoni, viatu vyake vikaanza kuzama. "Mama, wenzako wanne wako hapa juu na majembe. Kwa nini hawakusaidii?"

Niliinua uso. Nilimwona Mbonea, ambaye jino lake lilituuma sote, akinikazia macho nisiseme. Niliona mashamba ya migomba chini yake, mabichi, yanayokunywa maji ya kundi. Nilikuwa nimechanganyikiwa vilevile kama siku ya kwanza kizimbani. Kitu kimoja tu ndicho nilichokuwa na uhakika nacho, na kilikuwa kinanipanda kutoka miguuni.

"Hawawezi, mheshimiwa," nilisema. "Baridi hii ni ya kwangu. Wao hawaisikii."

Jaji alinitazama. Kisha nikaona akikumbuka, maana mkono wake ulikwenda taratibu nyuma ya sikio lake mwenyewe, mahali ambapo yeye hana punje. Alivua miwani. Alikaa nayo mkononi muda mrefu bila kuipangusa.

"Karani," alisema, "andika kwamba mahakama imeuona mfereji."

"Niandike na maneno ya shahidi, mheshimiwa?"

"Shahidi yupi? Sijamwapisha mtu hapa."

Wakili wa Serikali alifungua mdomo. Jaji akamgeukia, naye akaufunga. Wakaondoka kuelekea kwenye ndiva. Uamuzi utatoka wiki ijayo, na ninapoandika haya sijui atasema haki ni ya nani. Pengine atasema ni ya kundi, nami nitabaki huru ndani yake. Pengine atasema ni ya mtu, na watakuja kunichukua, na kampuni itakuja kuchukua kilichobaki. Nikijiuliza ninachokiombea, kila siku napata jibu jingine.

Nilimaliza saa nane kasoro. Hakuna aliyeshuka kunisaidia, na hakuna aliyeondoka. Nilipopanda ukingoni mgongo ulikuwa umekataa kunyooka, na wenzangu wanne walinipisha njia. Naetwe alilipokea jembe, akalifuta tope kwa kiganja mpaka mpini ukaonekana.

"Kesho tunaanua matanga, wifi," alisema. "Uje mapema. Kuna vyombo vingi vya kuosha."